Debian, Ubuntu au FreeBSD: kompyuta ya shangazi Kyela

Haya jamani, leo tuache siasa kidogo. Shangazi yangu yuko Kyela mjini, anauza mchele na ana kishamba cha kokoa. Mahesabu yake yote, nani anadaiwa na nani kalipa, yako kwenye kompyuta moja ya mezani yenye memori ya GB 4. Inatumia Windows 10, ambayo Microsoft walisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, mashine ya shangazi haina. Kununua mpya ni kuuza magunia. Ndipo akaniuliza: "Mwanangu, hiyo ya bure unayoisifia kila siku ndiyo ipi?"

Swali zuri, maana ya bure si moja. Wengi tukishataja Linux tunadhani tumemaliza, kumbe kuna ukoo mwingine wa BSD, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Humo yumo FreeBSD. Naipenda. Imepangika, na kitabu chake cha maelekezo kimeandikwa na watu wanaojua kuandika (sisi wa magazeti tuone aibu kidogo). Lakini ukimaliza kuisakinisha, kwa kawaida unabaki na skrini nyeusi ya maandishi, mengine unayaongeza mwenyewe. Shangazi akifungua kompyuta akakuta skrini nyeusi atanipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Nimeitoa.

Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe maana yake ni utu. Hadi 2011 walikuwa wanakutumia CD kwa posta bila kukudai hata senti. Fundi kijana aliyewahi kugusa Linux, mara nyingi kaanzia hapo, na hilo si jambo dogo kwa sababu mimi siko Kyela. Kinachonikera ni snap. Firefox ya Ubuntu huja kwa mtindo huo, na snap hujisasisha zenyewe kimya kimya usipozizuia. Ukiwa na intaneti ya ofisi huoni kitu. Shangazi anategemea bando la simu. Kwake huyo ni mgeni anayeingia jikoni wenyewe mmelala.

Basi nimeangukia Debian, mama yake Ubuntu, iliyoanza mwaka 1993. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Faili la DVD yake ya kwanza halifiki GB 5, na ndani mna kila anachohitaji: muonekano mwepesi wa Xfce, Firefox, na LibreOffice ya kufungulia yale majedwali yake ya Excel. Nalishusha mjini, naliweka kwenye flashi, flashi inapanda basi Mbeya, inapita Tukuyu, inafika Kyela. Bando haliguswi. Zamani Debian ilisumbua kwenye Wi-Fi, lakini tangu toleo la 12 la mwaka 2023 vifaa vingi vinatambuliwa wakati wa kusakinisha.

Ila kwanza mahesabu yanakiliwa kwenye flashi mbili, moja ikae kwa jirani. Umeme wa Kyela mvua zikikolea mnaujua.

Bado printa. Anasema ni HP, na HP wenyewe wana programu ya Linux, kwa hiyo hapo sina wasiwasi sana.