Ukienda Kenya na vitunguu, anza na karatasi



Vitunguu vimeanza kung'olewa, na tangu wiki iliyopita simu yangu haipoi. Swali ni lilelile: "Bwana shamba, Nairobi bei ikoje?" Bei tutaizungumza siku nyingine, maana inageuka kabla sijamaliza kuandika. Leo nataka kuongea juu ya safari yenyewe, kuanzia unapofunga mzigo hadi unaporudi nyumbani. Wengi wetu tunaona Kenya ni jirani, Kiswahili wanaongea, basi ni kama kwenda mnadani wilaya ya pili. Ni nchi nyingine, ina sheria zake, na kosa dogo mpakani linakula faida ya msimu mzima.

Nalijua hilo kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mwaka juzi wakulima wanne wa kata yangu waliungana kukodi Fuso moja. Waliniuliza karatasi gani zinahitajika. Nikawajibu kwa uhakika wote wa mtu mwenye stashahada: mzigo wa kila mmoja thamani yake haifiki dola 2,000 za Marekani, kwa hiyo mtapata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani kwa maofisa wa forodha, hamtalipa ushuru wa forodha, mtapita. Hilo ni kweli. Utaratibu huo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki upo kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Nilichosahau ni kwamba cheti cha uasili kinasema mzigo umetoka wapi. Hakisemi mzigo una afya.

Tulifika Namanga mchana. Wakaguzi wakauliza cheti cha afya ya mimea. Hatukuwa nacho. Wale maofisa hawakuwa na ubaya wowote, walifanya kazi yao, lakini mzigo ulibidi ukaguliwe na taratibu zianze upya, na tulikaa pale siku mbili. Usiku wa kwanza mvua ikanyesha. Turubai la Fuso lilikuwa limechanika upande wa nyuma, na nyuma ndiko yalikokuwa magunia ya mama mmoja, jirani yangu. Alikuwa na magunia 31. Tulipofika sokoni, 11 yalikataliwa. Mtaji wake ulikuwa mkopo wa kikoba.

Nilimwambia, "Mama, nisamehe, nilikupotosha." Akaniangalia kidogo, akasema, "Mwanangu, mvua hukuileta wewe. Ila hizo karatasi niandikie, zote, nizibandike ukutani." Nilimwandikia. Haya ninayowaandikia leo ni yaleyale, nimeongeza machache.

Cheti cha afya ya mimea kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA. Usisubiri mpaka ufike mpakani. Ukishajua siku ya kupakia, wasiliana nao mapema ili mzigo ukaguliwe kwa wakati. Kisha mpigie mnunuzi wako wa Kenya umuulize kama ameshughulikia kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, ambao ndio wenzao wa TPHPA upande ule. Kibali hicho ni kazi ya anayeingiza mzigo, na hutakiwa kabla mzigo haujaondoka. Kama mnunuzi anasema "wewe njoo tu, tutaongea hapo mbele", mtafute mwingine.

Kwa wenzangu wa mahindi kuna zaidi. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu? Baada ya siku chache waliruhusu, lakini kwa masharti: muagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ukianika mahindi chini kwenye udongo na kuyapakia yakiwa na unyevu, hakuna dalali atakayekuokoa kwenye kipimo hicho. Anika juu ya turubai, yakauke mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Na kumbuka kibali cha kusafirisha mazao nje kutoka Wizara ya Kilimo. Hicho kinaombwa huku kwetu kabla ya safari.

Sasa wewe mwenyewe. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Chukua pasipoti, au nenda ofisi ya Uhamiaji uombe hati ya dharura ya kusafiria. Kama unakwenda mara kwa mara, pasipoti ni nafuu. Ya kwangu nililipia 150,000, inadumu miaka 10. Visa hatuhitaji. Afisa atakugongea muhuri wenye siku za kukaa. Zisome kabla hujaondoka dirishani, kwa sababu kuzidisha siku ni kosa hata kama ulikuwa unasubiri hela ya mzigo wako.

Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo usikimbilie hospitali asubuhi ya safari. Uzuri ni kwamba tangu 2016 kadi hiyo inatambuliwa kwa maisha yako yote, hata ile ya zamani iliyokuwa imeandikwa miaka 10. Kuna watu watakuuzia kadi bila sindano. Nawaomba, achaneni nao.

Namanga siku hizi ni kituo cha huduma kwa pamoja, kilizinduliwa na marais wa nchi mbili Desemba 2018. Maana yake unapotoka Tanzania unamalizia kila kitu kwenye jengo la upande wa Kenya: maofisa wa kwetu na wa kwao wako chini ya paa moja. Wageni wengi wanapotea hapo, wanapita dirisha la kwanza na kusahau la pili. Hakikisha una muhuri wa kutoka na muhuri wa kuingia. Vijana wa bodaboda watakuambia wanajua njia ya mkato. Njia ya panya ukikamatwa nayo unapoteza mzigo na jina, na ukiibiwa huko huna wa kumlalamikia, kwa sababu hata wewe hukutakiwa kuwepo.

Fedha badilisha benki au kwenye duka lenye leseni. Ukipewa noti za Kenya, angalia hasa ya 1,000. Ile ya zamani iliacha kutumika rasmi tangu Oktoba 2019, na wapo wanaowasubiri wageni wasiojua. Mimi nisingebeba burungutu hata hivyo. Muulize wakala wako wa M-Pesa namna ya kupokea kutoka Kenya kabla hujaondoka, na jaribu kwa kiasi kidogo kwanza.

Mfuko wa plastiki uache nyumbani. Sisi tulikataza Juni 2019, wao walitangulia Agosti 2017, na faini yao inaweza kufika shilingi milioni nne za Kenya. Kwa ajili ya kubebea chapati, jamani.

Mkifika sokoni, Wakulima Market ambayo wenyewe wanaiita Marikiti, msitegemee salamu ndefu. Mtu atakuuliza bei kabla hujashuka garini. Si dharau, ndio mwendo wa mji ule. Jifunze pia namba zao za mtaani: mbao ni shilingi 20, soo ni 100, thao ni 1,000. Mkulima wetu mmoja aliambiwa "ongeza mbao" akajibu yeye anauza vitunguu tu. Tulicheka mpaka Namanga, lakini siku nyingine kutoelewa vile kungemgharimu.

Kubwa kuliko yote ni uzito. Gunia la mahindi kwetu ni kilo 100. Kwao ni kilo 90. Ukikubaliana bei "kwa gunia" bila kusema kilo, na wewe umepima za kwetu, kwa magunia 50 umegawa kilo 500 bure. Zungumzeni kwa kilo, na mzani muuone wote wawili. Kwa vitunguu ni hivyohivyo. Lumbesa ikifika Marikiti haikuongezei hata senti, inampendeza aliyepokea tu.

Wakati wa kurudi ndipo mimi kama mtu wa kilimo ninapokuwa mkali. Usirudi na mbegu mfukoni, wala miche, wala viazi vya kupanda, hata kama umevipenda vipi. Ule ugonjwa wa mahindi unaokausha mmea kuanzia majani machanga, MLN, ulionekana Kenya mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukawa umeshafika kwetu. Mbegu ni mojawapo ya njia zake. Vifaranga pia: mwaka 2017 vifaranga 6,400 viliteketezwa Namanga kwa sababu viliingizwa bila kibali. Aliyevinunua alitoa hela yake kama wewe. Ukipenda mbegu ya huko, niletee jina lake, tutaangalia kama imesajiliwa kwetu na kama inauzwa Arusha.

Yule mama mkopo wa kikoba alimaliza kuulipa mwezi wa nne mwaka huu. Mbuzi wawili walikwenda. Juzi alipita ofisini, nikamwamkia, akaweka bahasha mezani: pasipoti, kadi ya njano, cheti cha afya ya mimea, namba ya mnunuzi. "Kagua," akasema. "Safari hii nasoma na wewe." Tukasoma pamoja, karatasi moja moja. Kwenye cheti waliandika magunia 24 na yeye amefunga 26, kwa hiyo amerudi kurekebisha kabla ya kupakia.

Fuso linaondoka Jumanne. Wanaotaka kukaguliwa karatasi zao waje Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi, na turubai mje nalo nilione.