Alama za Vema Tulizoweka bila Kuangalia



Maalim ametutaka tuandike juu ya kazi tuliyopewa mwaka huu. Sisi ni wanafunzi watatu wa darasa la juu tunaomsaidia dereva kulikagua basi la madrasa kila linapotaka kutoka. Wengi wenu mmetuona asubuhi tumeinama chini ya basi, kanzu tumezikunja hadi magotini, nanyi mkacheka. Si neno. Leo tunataka kuwaeleza tunachokitafuta kule chini, na pia kuungama jambo moja ambalo hamkulijua.

Basi letu ni Coaster lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu Tanga. Hata maandishi mekundu ya Kijapani juu ya mlango wa dharura bado yapo. Dereva wake sote twamwita Ami, na Ami ana utaratibu wake usiobadilika. Huanzia pembe ya mbele kushoto, akalizunguka basi lote, akarudi pale pale alipoanzia, ili asiruke kitu.

Kwanza hutazama ardhi mahali basi lilipolala. Yeye husema gari ni kama mtoto mchanga: haliwezi kusema linaumwa wapi, lakini ukitazama alipolala utaona dalili. Tone la maji, tone la oili, tone la mafuta ya breki, kila moja lina habari yake.

Kisha tunafungua injini. Oili hupimwa kwa kijiti kabla injini haijawashwa, na alama yake iwe kati ya mistari miwili. Maji ya rejeta huangaliwa injini ikiwa baridi, maana ukifungua kifuniko cha moto maji yatakurukia usoni. Mafuta ya breki yamo katika kikopo chake chenye alama ya juu na ya chini. Yakiwa yamepungua, Ami hakubali tuongeze tu tukaondoka. Lazima tujue yamekwenda wapi: ama kuna mahali panavuja, ama pedi za breki zimelika.

Magurudumu yanayokanyaga barabara ni sita: mawili mbele na manne nyuma, mawili mawili kila upande. Tunaangalia kashata kama hazijaisha, ubavu wa tairi kama haujapasuka, na katikati ya matairi pacha ya nyuma kama hakujakwama jiwe. Nati tunazitazama moja moja. Nati inayolegea mara nyingi hutoa mchirizi wa kutu, kama machozi. Sisi tunaishi karibu na bahari, na kutu ni jirani yetu wa kila siku.

Halafu mmoja wetu huingia ndani kubonyeza, mwingine husimama nyuma akipiga kelele: "Kulia! Kushoto! Breki!" hadi taa zote zimeitika. Tunaangalia mtungi wa kuzimia moto, mshale wake uwe penye kijani; sanduku la huduma ya kwanza; pembetatu za tahadhari; jeki na tairi la akiba. Mwisho Ami hukanyaga breki na kuishikilia. Pedali ikizama polepole chini ya mguu, safari haipo. Isipozama, huliendesha basi hatua chache uani, akalifunga breki, ndipo tukasoma dua ya safari.

Yote hayo yameandikwa katika daftari, na kila kitu kilichokaguliwa huwekewa alama ya vema. Daftari hilo Ami alilianzisha baada ya msiba wa Karatu wa Mei 6, 2017, pale basi dogo la shule lilipotumbukia korongoni, wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Ami anasema stika ya ukaguzi iliyobandikwa kiooni ni nzuri, lakini stika haijui basi limeamkaje leo.

Sasa tufike kwenye ungamo letu.

Mlango wa dharura uko nyuma, ubavu wa kulia. Mbele yake ndipo tulipozoea kupanga mikeka na madumu ya maji. Kuufungua kulitaka kuondoa mizigo yote ile na kuirudisha, nasi tulikuwa na haraka, kila mara tuna haraka. Basi tukawa tunautazama kwa mbali. Mlango upo? Upo. Umefungwa? Umefungwa. Tukaweka vema. Tulifanya hivyo wiki tano mfululizo.

Ikafika siku ya ziara yetu ya Lushoto. Mnaikumbuka. Tulikusanyika baada ya sala ya Alfajiri, wadogo wameshika vifurushi vya maandazi na chapati. Njia yetu ilikuwa Muheza, Segera, Korogwe, hadi Mombo, kisha kuipanda milima ya Usambara kiasi cha kilomita 33 za kona, huku mlima, huku bonde. Tulimkabidhi Ami daftari, vema tupu toka juu hadi chini.

Akalisoma. Kisha akaondoa mikeka na madumu kwa mikono yake, akamwita mtoto wa miaka saba.

"Njoo mwanangu, hebu nifungulie mlango huu."

Mtoto akavuta kitasa. Hakikuinuka. Akaja mmoja wetu, akavuta. Tukavuta wawili. Kutu ilikuwa imekwisha kukishika.

"Nani aliyeweka vema hapa?" akauliza.

"Sisi, Ami."

Hakutukemea. Alitazama viti, akasema kwa sauti ya chini: "Leo viti vyote vimejaa. Basi likilala upande wa kushoto, mlango mkubwa utakuwa chini. Hawa watatokea wapi?"

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna.

Fundi akaitwa kutoka gereji, na ziara ikachelewa saa mbili. Wazazi walikuja juu. Mmoja akasema, "Bwana dereva, mlango si gurudumu, gari si litakwenda tu?" Ami akamjibu, "Litakwenda, mzee wangu. Lakini mmenikabidhi watoto kwa kwenda na kurudi." Alipoulizwa ilikuwaje jambo hilo lisionekane mapema, alisema, "Hatukuangalia vizuri."

Neno hilo "hatukuangalia" limetukaa moyoni. Ami alijitia ndani yake ili sisi tusiaibike mbele ya wazee wetu, naye akabeba lawama siku nzima, kwenda na kurudi. Kwa hiyo leo tunalirekebisha mbele yenu nyote: hatukuangalia sisi watatu. Saa mbili zile mlizosubiri juani zilikuwa deni letu, na tunaomba radhi kwa Ami, kwa Maalim na kwa wazazi.

Tangu siku ile, mlango ule hufunguliwa na mtoto mdogo kuliko wote waliofika asubuhi hiyo. Akishindwa yeye, hatuweki vema, hata kama sisi tunauweza, kwa sababu hatujui siku ya shida ni nani atakayekuwa karibu nao. Mikeka sasa inakaa chini ya viti.

Nanyi wenzetu, tunawaomba jambo moja. Msiweke mifuko yenu mbele ya mlango ule. Na mkitukuta tumeinama chini ya basi, chekeni mkipenda, lakini tusubirini tumalize.

Wabillahi tawfiq.