Walumbe Ndani ya Takisi

Wako wenzetu wasemao kwamba ngano zimekufa, na kwamba zilizoziua ni redio, kaseti na sinema. Kauli hii nimeisikia mara nyingi katika vikao vya walimu, tena ikisemwa kwa sauti ya matanga. Mimi nikaaye Kasubi, kando ya barabara iendayo Hoima, siikubali hata kidogo. Apandaye takisi hapa (ndivyo tuliitavyo basi dogo la abiria) huenda akakutana na ngano mashuhuri kuliko zote za Buganda kabla hajafika Nakulabye. Wala haisimuliwi na bibi kizee jikoni, bali yaimbwa na mtu mwenye gitaa.

Mtu huyo ni Paulo Kafeero, aliyefariki mwaka 2007 na ambaye sauti yake haijatoka barabarani. Muziki wake huitwa kadongo kamu, yaani kigitaa kimoja, kwa sababu gitaa moja lilitosha kuibeba hadithi ndefu. Wimbo wake uvumao zaidi ni "Walumbe Zaaya". Na Walumbe, ndugu msomaji, ndiye Kifo.

Kwa wasioijua ngano yenyewe, ni hivi. Kintu alimwoa Nambi, binti Ggulu wa mbinguni. Ggulu akawausia waondoke mapema, wala wasirudi hata wakisahau kitu, kaka yake Nambi aitwaye Walumbe asije akawafuata. Njiani Nambi akakumbuka ulezi wa kuku wake, akarudi, na Walumbe akaandamana naye hadi duniani. Huko Walumbe aliomba apewe mtoto mmoja wa kumsaidia mapishi, Kintu akakataa, watoto wakaanza kufa. Kaka mwingine, Kayikuuzi, alitumwa amkamate, na watu wakaamriwa wanyamaze kimya. Watoto wakapiga yowe walipomwona Walumbe, naye akadidimia ardhini. Hata leo mashimo ya Ttanda, upande wa Mityana, huonyeshwa kuwa ndiko alikozamia.

Shuleni ngano hii hufungwa kwa fundisho moja: mwanamke alikaidi, mauti yakaja. Hapo ndipo tunapoiua sisi wenyewe, tukaisingizia redio. Msichana mmoja darasani kwangu aliuliza: mbona Kintu aliyemnyima shemeji yake msaidizi halaumiwi? Darasa likachafuka, wavulana wakamtetea Kintu, wasichana wakamtetea Nambi, na mmoja, ambaye nadhani atakuwa wakili, akamtetea Walumbe. Mabishano ya namna hiyo nimeyasikia pia ndani ya takisi, dereva akiwa mwamuzi. Kwa maoni yangu waliowahi kuzika ndio waielewao vyema, maana wao hawakomei kwenye kuku. Wao huenda hadi neno la mwisho la Kintu, kwamba Walumbe na aue atakavyo, lakini Nambi ataendelea kuzaa, na hatawamaliza.

Hapa Kasubi neno hilo lina uzito wa pekee. Juu ya kilima chetu ipo Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya nyasi iliyojengwa na Kabaka Muteesa I mwaka 1882, akazikwa humo mwaka 1884. Baadaye walimfuata Mwanga, aliyefia Ushelisheli mwaka 1903 na kurejeshwa mwaka 1910. Daudi Chwa mwaka 1939. Na Muteesa II, aliyefia London mwaka 1969 na kurejeshwa mwaka 1971. Lakini hakuna mwenye adabu atakayekuambia kwamba wamekufa. Nyuma ya pazia la nguo ya magome upo "msitu", nao wameingia msituni. Kabaka anapotutoka, husemwa kwamba moto wa Buganda umezimika. Basi fikiri masikitiko ya usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto ulipowaka na kuiteketeza nyumba hiyo! Kesho yake palikuwa na ghasia, na watu wakapigwa risasi wakafa. Kujenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo ukoo wa Ngeye, yaani mbega, wenye jukumu la kuezeka, ulikuwa bado na ujuzi wake, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Linalobaki kutusumbua sisi walimu wa Kiswahili ni tafsiri. Walumbe tumwiteje? Mwenye asili ya pwani atasema Izraili. Lakini Izraili ni malaika aliyetumwa, hali Walumbe ni shemeji aliyekuja bila kualikwa. "Kifo" nacho ni cha ngeli ya KI-VI, kitu kisicho na ukoo wala njaa. Waganda wamemtia kiambishi kile kile cha wanyama wa ngano, kwani sungura ni Wakayima, chui ni Wango, tembo ni Wanjovu. Kwa hiyo wanafunzi wangu huandika Walumbe, kwa herufi kubwa, na kumpatanisha na ngeli ya A-WA: Walumbe amekuja, Walumbe amekula, Walumbe ameketi kiti cha nyuma.