Mahali rezo inashika: safari ya Sake na simu mkononi

Wiki hii tunatembea Sake. Hatuendi kuangalia ziwa wala kununua fromaji ya Masisi, ingawa vyote viwili viko pale na vinapendeza. Tunatembea na simu mkononi, tukiwa na swali ambalo kila mama aliyelala nje ya nyumba yake analijua: hapa rezo inashika wapi?

Sake iko karibu kilomita 25 magharibi ya Goma, pale ziwa Kivu linapoingiza mkono wake ndani ya vilima. Hapo barabara inagawanyika. Moja inapanda Mushaki na kuendelea hadi Masisi. Nyingine inafuata ziwa kuelekea Kirotshe, Bweremana na Minova. Ndiyo maana kila kitu kinapita Sake: maharagi, viazi, makala, maziwa, na vijana wanaosukuma chukudu zilizojaa mizigo. Hata ardhi ina habari yake. Lava ya Nyamuragira iliyotoka kati ya 1938 na 1940 ilitembea mpaka ikaingia ziwani karibu na Sake, na mawe yake meusi bado yapo.

Vilima hivyo vinavyotupa maziwa ndivyo vinavyotunyima mawasiliano. Simu inaongea na antena kwa mawimbi, na mawimbi yanapenda njia iliyonyooka. Mlima ukisimama katikati, unabaki kwenye kivuli, sawa na mtu anayeota jua nyuma ya ukuta. Antena ya simu ya kawaida inaweza kufika hadi kilomita 35 mahali palipo wazi, lakini kwa vilima vya Masisi umbali huo unabaki kwenye karatasi. Ukienda Walikale, msitu nao unaongeza kazi, kwani majani mengi yenye maji yanameza mawimbi. Kwa hiyo anayepanda kilima jioni akiinua simu juu si mtu wa kuchekwa. Amejua kanuni ya fizikia bila kukaa darasani.

Tunakumbuka mwaka 2021. Tarehe 22 mwezi wa 5, Nyiragongo ililipuka jioni. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana akatangaza kwamba watu wa mitaa 10 ya Goma waondoke, na wengi wao wakaelekezwa Sake. Mji mdogo ukajaa kwa siku moja. Watu walilala makanisani, mashuleni, barazani kwa wenyeji, na wengine chini ya miti. Unga na maji vilitafutwa, lakini foleni nyingine ndefu ilikuwa mbele ya wenye jenereta, kwa ajili ya kuchajisha simu. Kila mtu alikuwa na mtu wa kutafuta. UNICEF ilieleza siku zile kwamba watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao katika mkimbio wa mlipuko. Kwa mama wa mtoto kama huyo, simu yenye moto ilikuwa na thamani kuliko godoro.

Mwezi wa 2 mwaka 2024 safari ikageuka. Mapigano yalikaribia, na watu wa Sake wenyewe wakachukua barabara ya Goma, wakajiunga na waliokuwa tayari chini ya mahema Bulengo, Lushagala, Lac Vert na kwingineko. Huko, mahema yakigusana, kulikuwa na rezo kuliko milimani, lakini moto wa kuchajisha ulikuwa wa kununua. Halafu mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma ikakaa siku kadhaa bila umeme na bila intaneti, na mabenki yakafunga milango. Hapo tuliona kwamba hela ndani ya simu ndiyo iliyobaki kuwa sanduku la familia nyingi.

Marekani na Ulaya kuna watu wanaosafiri ndani ya gari lenye kitanda na jiko, wanalala msituni kwa kupenda kwao, na asubuhi wanataka intaneti ya kufanyia kazi. Hali yao na yetu hazifanani: wao wametoka kustarehe, sisi tulitoka kwa kukimbia. Lakini mawimbi hayaulizi mtu amekuja kwa nini. Wanachofanya ni kilekile ambacho wamama wa Sake wamejifunza wenyewe: kutafuta mahali pa juu, kubeba kadi za kampuni mbili, kuvuna umeme wa jua, na kutumia intaneti saa ambazo wengine wamelala.

Haya ndiyo niliyoyakusanya kwa wamama wa sokoni na kwa wenye vibanda vya inite, pamoja na yale tunayoyaeleza darasani.

1. Jaribu ujumbe mfupi kwanza. SMS inahitaji rezo kwa sekunde chache tu. Inapita pale ambapo kupiga simu kunakatika.

2. Usichanganye hela na intaneti. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi kwa namba za kubonyeza zenye nyota na alama ya reli, hata kwenye simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti. Mama asikubali kulipishwa mega ili aangalie hela zake.

3. Rezo ikiwa dhaifu, rudisha simu kwenye 2G. Mara nyingi wimbi lake linafika mbali zaidi. Hutaona video, lakini utasikika.

4. Pasipo na rezo kabisa, zima simu au weka alama ya ndege. Simu inayotafuta antena bila kuipata inamaliza batri haraka.

5. Beba kadi mbili za kampuni tofauti. Kilima kinachoficha antena ya mmoja huenda kinaona ya mwingine.

6. Patana saa na watu wako. Mkisema "kila siku saa kumi na mbili jioni", nyote mtapanda kilima wakati mmoja, na batri itatosha wiki.

7. Andika namba kwenye karatasi, ifunge ndani ya plastiki, iweke mahali pa usalama. Simu inaibiwa, inaanguka majini, inazimika. Karatasi haihitaji moto.

Hiyo ya saba ina dada yake, nayo ndiyo kubwa kwangu kama mwalimu. Mfundishe mtoto namba yako kwa kichwa. Darasa la kwanza tunaiimba kwa kupiga makofi, tarakimu mbilimbili, na baada ya wiki mbili mtoto wa miaka sita anaijua kama jina lake. Aongeze jina kamili la mama, la baba na la mtaa. Mtoto anayesema tu "mama yangu ni Mama" hawezi kusaidiwa haraka, hata akiokotwa na mtu mwema mwenye simu nzuri.

Kuna wanaouliza habari za intaneti ya setilaiti. Ni kweli kwamba mwezi wa 5 mwaka 2025 ARPTC, mamlaka ya nchi inayosimamia mawasiliano, ilitangaza kuipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Setilaiti haijali vilima sana, mradi sahani yake ione anga wazi. Lakini inakula umeme mwingi kuliko simu makumi kwa makumi, na bei yake si ya mama mmoja. Ni jambo la shule, la kituo cha afya, au la kikundi.

Kilicho karibu na mkono wetu ni kidogo zaidi. Kikundi cha likilimba chenye wamama 20 kinaweza, kwa mizunguko michache, kununua sahani moja ya jua na batri moja. Wanachama wanachajisha bure, majirani wanalipa kidogo, na kinachoingia kinarudi kwenye sanduku. Sahani hiyo inabebeka. Siku ikibidi kuondoka, inafungwa mgongoni pamoja na mtoto, na jioni yake, popote mtakapolala, mtu ataweza kusema: "Tumefika, tuko wazima."

Basi tukikutana, tulizungumze hili kabla ya mambo mengine. Na leo jioni, kabla watoto hawajalala, muulize kila mmoja: namba ya mama ni ngapi?