Yadi Kumi za Sheikh Amri Abeid

Jumamosi ya tarehe 21 Mei 2011 niliingia Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapa Arusha, kutazama mchezo ambao sikujua hata unaanzaje. Hatukuwa wachache, tulipita 11,000, na nadhani wengi wetu tulifuata zile kofia tu. Vijana wa Chuo Kikuu cha Drake, kutoka Des Moines, Iowa, walikuja kucheza futiboli ya Kimarekani na kombaini ya vyuo binafsi vya Mexico. Mabega yamevimba kwa mapedi, nyuso zimefungiwa nyuma ya vyuma, na mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama embe. Vyuo vya kule havikuwahi kupambana kwa mchezo huo katika ardhi ya Afrika kabla ya siku ile. Ikaangukia kwetu, hatua chache kutoka stendi.

Mzee aliyekaa kando yangu alivumilia kama robo saa. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hawa mbona kila wakikimbia hatua mbili wanaitana kikao?"

"Hata mimi sielewi, mzee wangu."

"Basi huu si mpira. Hii ni halmashauri."

Tulicheka sana, lakini mzee alikuwa amegusa penyewe. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi, yaani mita tisa na kidogo. Ukizifikisha, unapewa nafasi nne nyingine. Ukishindwa, mpira unakwenda kwa mwenzako. Pembeni wapo watu wenye nguzo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo wa urefu huohuo, na panapotokea ubishi wanaingia nao uwanjani kupima, nasi majukwaani tunanyamaza kama watu wanaosubiri fundi akate kitambaa. Nilimkumbuka mwenye jina la uwanja. Sheikh Kaluta Amri Abeid, kabla hatujamjua kwa siasa na uwaziri, alikuwa mshairi, na ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani angeuelewa mchezo ule mapema kuliko sisi.

Drake walishinda 17–7. Baadaye walifanya kazi za kujitolea na kupanda Kilimanjaro, kisha wakaenda zao. Kocha wao aliitwa Chris Creighton. Sikuzungumza naye, nilimwona kwa mbali tu, mtu mmoja katikati ya wengi waliosimama kando ya mstari. Ila jina lake nililishika, na sababu yake ni ya kwangu binafsi.

Siku ile nilikwenda uwanjani na donda. Miaka miwili kabla nilikuwa nafundisha timu ya watoto wa mtaani kwetu Ngarenaro, wa miaka kumi na tatu, kumi na nne. Mpira wa kawaida, kiwanja cha vumbi, jezi za kuazima. Tulifungwa. Tukafungwa tena. Mechi moja tulikula saba bila, na nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite kijiweni. Wiki iliyofuata niliwaambia watoto kwamba kazini wamenipangia zamu ya jioni. Hakukuwa na zamu ya jioni.

Kwa hiyo kocha yeyote anayebaki baada ya kupigwa huwa namfuatilia kama mtu anayemdai.

Creighton alipewa timu yake ya kwanza ya chuo mwaka 1997, hajafika miaka 30, katika chuo kidogo cha Ottawa huko Kansas. Kutoka hapo akaenda Wabash, Indiana, chuo cha wanaume watupu ambacho kila mwaka hupambana na majirani zao wa DePauw kugombea kengele kuukuu ya garimoshi. (Naona hata sisi tungeweza kuchukua kengele moja Stesheni ya Moshi, tukawa na sababu ya kugombana vizuri.) Mwaka 2008 akaingia Drake, ambako ligi yao haitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya mpira. Wale vijana tuliowashangaa Arusha hawakuwa wakisomeshwa kwa sababu ya mabega yao.

Kote huko alishinda kuliko alivyofungwa. Angeweza kuzeekea hapo kwa heshima. Mwishoni mwa 2013 akakubali kwenda Eastern Michigan, mjini Ypsilanti, mahali ambapo makocha walikwenda kuharibikiwa. Timu ile haikuwa imemaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 1995. Na jirani yake, mji wa pili tu, ni Chuo Kikuu cha Michigan chenye uwanja wa kukaa zaidi ya watu 100,000. Sisi wa Arusha hatuhitaji kuelezwa hilo. Meru yetu ina mita 4,566, ni mlima wa kutisha kwa haki yake, lakini mgeni akishuka uwanja wa ndege wa KIA anauliza Kilimanjaro iko upande gani. Hata hao Drake, mlima waliokwenda kuupanda si huu wa kwetu.

Msimu wake wa kwanza, 2014, alishinda mechi mbili, akapoteza kumi. Wa pili alishinda moja, akapoteza kumi na moja. Mwaka 2016 ikatoka ripoti ya wawakilishi wa walimu na wanafunzi ikishauri chuo kiachane na futiboli ya ngazi ile, kwa kuwa inakula fedha. Mwaka huohuo timu ikashinda saba ikapoteza sita, na kwa mara ya kwanza tangu 1987 ikaalikwa kwenye mechi ya heshima ya kufunga msimu, kule Bahamas. Wakafungwa 24–20. Ilibidi wasubiri hadi Desemba 2022 ndipo waishinde mechi ya namna hiyo, 41–27 dhidi ya San Jose State, chuo kilekile walichokifunga mwaka ule wa 1987.

Wanaomsifu huanzia hapo, 2022. Mimi hurudi 2015, moja kwa kumi na moja. Tusidanganyane, mtu yule alikuwa na mshahara na wasaidizi, na kubaki unapolipwa ni kwepesi kuliko kubaki unaponunua mipira kwa fedha ya mboga. Lakini kinachonikaa kooni si yeye. Ni watu wa ofisini waliotazama hesabu ile wakasema, mwacheni aendelee. Huku kwetu kocha akitoka sare tatu mfululizo, begi lake linatangulia stendi.

Nikafikiri basi, mimi nani alinifukuza? Wazazi hawakusema neno. Watoto, siku mbili baada ya zile saba, walifika uwanjani kabla yangu, wamekwishapanga mawe ya goli. Nilikuwa na uongozi mvumilivu kuliko wa Eastern Michigan, nao ulikuwa umevaa kandambili.

Mmoja wao sasa anaendesha bodaboda Kilombero. Kila tukikutana ananiita kocha, bila kejeli, na mimi nauli yake sijawahi kuipunguza hata shilingi mia.

Creighton bado yuko Ypsilanti. Hadithi haikunyooka baada ya ushindi ule: mwishoni mwa 2023 walialikwa tena, wakachapwa 59–10, na 2024 walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Wao hucheza zaidi Jumamosi, kwa hiyo msimu ukiwa umeanza, Jumapili asubuhi nasimama uani na simu, kikombe cha chai ukutani, natafuta matokeo huku natazama kama mlima umefunguka.

"Baba Neema," mke wangu huuliza kutoka jikoni, "watu wako wameshinda?"

"Bado."