Data yako ikivuja, usingoje waseme pole

Kuna neno moja huniudhi kwenye jumbe za kampuni: "tukio". Ati "tungependa kukufahamisha kuhusu tukio la kiusalama." Nakala ya kitambulisho changu na nambari ya simu ya mama kuwa mikononi mwa wakora si tukio. Ni wizi, na vitu vilivyoibwa ni vyangu.

Kampuni sitaitaja, kesi bado iko mezani. Ni hawa wa kuuza simu na laptopu kwa malipo ya polepole. Nilijiandikisha nikiwa mwaka wa pili, kabla sijaacha chuo. Walitaka kila kitu: kitambulisho mbele na nyuma, selfi, nambari za jamaa wawili. Laptopu nilimaliza kulipa kitambo, na ndiyo natumia kuhariri video hadi leo. Data yangu ilibaki kwao, imekaa tu.

Ujumbe wao ulikuja Ijumaa jioni, mistari minne. Lakini mama alikuwa amepigiwa simu Jumatano. Jamaa alimwita "mama" kwa heshima zote, akataja majina yangu matatu na nambari ya kitambulisho, akasema nimeshikwa na polisi na elfu kumi na tano zitanitoa kabla nipelekwe kortini. Mama alikuwa na pesa za chama kwa simu, zamu yake ilikuwa wiki hiyo. Alikata, akanipigia. "Uko wapi?" Nikamwambia niko kwa nyumba napika. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza napika nini.

Sasa hesabu hizo siku. Kampuni ilijua lini? Kwa Kenya swali hilo lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43, inasema data ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya wewe kuumia, kampuni ina saa 72 tangu ijue kumwarifu Kamishna wa Data. Wewe pia unafaa kuandikiwa, uelezwe ni nini kilitokea, wamefanya nini, na wewe ufanye nini kujikinga. "Tunathamini faragha yako" haijibu hata moja ya hizo.

Lakini kabla ya sheria, funga milango. Badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, manake hiyo ndiyo hufungua zingine zote. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama uko Safaricom, *100*100# inazuia mtu kubadilisha laini yako kwa ajenti. Itabidi mwenyewe uende kwa duka lao. Omba ripoti yako ya CRB, ni bure mara moja kwa mwaka, uone kama kuna mkopo umechukuliwa kwa jina lako. PIN ikiwa mwaka wako wa kuzaliwa, bana, wako nao kwa ile nakala ya kitambulisho. Na ongea na watu wa nyumbani. Mimi na mama sasa tuna swali letu, na jibu lake haliko kwa kompyuta ya mtu yeyote.

Halafu andika kwa kampuni. Mimi niliuliza: mna nini changu, mlimpa nani, na kwa nini bado mnayo kama deni liliisha? Una haki ya kuuliza hivyo, na wana siku saba za kukupa data yako. Mimi walinitumia nambari ya huduma kwa wateja.

Siku ya nane nikapeleka malalamishi kwa Kamishna: barua pepe zote, picha ya skrini ya simu ya mama yenye nambari na saa. Huhitaji wakili. Sheria inakubali hata ulalamike kwa mdomo, na ofisi ndiyo itaandika.

Najua mtaniambia hakuna kitu watafanya. Septemba 2023, ofisi hiyo ilipiga faini Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kusumbua watu kwa nambari walizotoa kwingine. Casa Vera walilipishwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Roma School, 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kitu chenye sipendi ni kiwango. Faini ya juu ni milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, na inachukuliwa ile ndogo. Kwa kampuni kubwa hiyo ni pesa ya chai. Tena faini haiji kwako. Chako kiko kifungu cha 65: fidia, na si ya pesa ulizopoteza pekee. Hata dhiki inahesabika. Mama hakupoteza hata shilingi, lakini zile dakika kabla nishike simu, mtu anafaa kuzilipa.

Kamishna ana siku 90 za kuamua. Leo ni ya 41. Jibu likikuja, liwe zuri au baya, nitaliweka hapa vile lilivyo.