Kura na Salamu



Sisi wa Kisarawe, na ndugu zetu wa Kibaha, hatumchagui Meya wa Dar es Salaam. Lakini mihogo yetu huuzwa huko, na siasa za huko huja na magari yarudiyo. Machi 2016 madiwani wa jiji walipomchagua Isaya Mwita wa CHADEMA, na CCM ikaukosa umeya, wazazi wawili wa chuo chetu, kila mmoja na chama chake, waliacha kusalimiana. Walisali safu moja, wakatoka milango miwili.

Nasi tulikosa. Tulichelea kupungukiwa na ada, tukanyamaza, hali twawafundisha watoto kuwa si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Ndipo mtoto mmoja alipotuuliza: "Maalim, baba yangu yuko siku ya ngapi?" Hatukuwa na jibu. Jioni ile tuliziendea nyumba zote mbili, tukaanza kwa kukiri kosa letu. Wazee wale wakapeana mikono.

Mwaka 2020 Meya yule aliondolewa; Februari 2021 Halmashauri ya Jiji yenyewe ikavunjwa, Ilala ikapewa hadhi ya Jiji. Kiti kilichowagombanisha hakipo tena. Wao wangali majirani, na mmoja amekwisha kubeba jeneza la mke wa mwenziwe.

Basi wazazi, kura ni amana, ipigeni kwa haki. Lakini salamu msiitumbukize sandukuni pamoja nayo.

Wabillahi tawfiq.